Suze Orman

Suze Orman (amezaliwa Chicago, 5 Juni 1951) ni mshauri wa fedha binafsi, mwandishi na mtangazaji wa televisheni kutoka nchini Marekani.

Alianza kama mhudumu wa mgahawa mjini Berkeley, California. Wateja wake walimkopesha dola 50,000 afungue mgahawa wake, lakini dalali wa hisa aliziwekeza kwenye biashara yenye hatari kubwa, zote zikapotea. Mwaka 1980 Orman aliajiriwa kuwa dalali katika kampuni hiyohiyo, akaishtaki, na hatimaye akalipa deni lake. Mwaka 1987 alianzisha kampuni yake ya ushauri.

Kipindi chake, The Suze Orman Show, kilirushwa na CNBC kuanzia 2002 hadi 2015. Watazamaji walipiga simu kuuliza kama wanamudu kununua kitu fulani. Alipima kwanza mapato, madeni na akiba zao, ndipo akawakubalia au kuwakatalia.