Kwa Nini Luteni Jenerali Humpita Meja Jenerali

Kuruta anapofundishwa ngazi za vyeo huambiwa kwamba Meja ni mkubwa wa Luteni. Lakini akifika juu hukuta mambo yamepinduka: Luteni Jenerali ndiye mkubwa wa Meja Jenerali. Jawabu limo katika neno la Kiingereza "general", ambalo kwa asili si cheo, bali ni kivumishi.

Kivumishi hiki kilitoka katika Kilatini, kwenye shina "genus", yaani jamii au aina, kikapitia Kifaransa hadi Uingereza. Maana yake ni -a wote, si -a sehemu moja. Ndiyo sababu Waingereza huuita uchaguzi wa nchi nzima "general election".

Jeshini kilibandikwa nyuma ya vyeo kwa desturi ya Kifaransa, ambako sifa aghalabu hufuata jina, kama ilivyo kwetu. Tutazame jeshi la Bunge la Uingereza mwaka 1645. Kapteni Jenerali alikuwa Thomas Fairfax, amiri wa jeshi zima. Oliver Cromwell, Luteni Jenerali, aliongoza wapanda farasi. Philip Skippon, Sajini Meja Jenerali, aliongoza askari wa miguu. Sasa, "luteni" kwa Kifaransa ni mtu ashikaye mahali pa mwingine, yaani naibu. Naibu wa Kapteni Jenerali hakuweza kuwa wa tatu! Wa tatu alikuwa Sajini Meja, ambaye zama hizo alikuwa afisa mkubwa. Baadaye neno "sajini" likadondoka, akabaki Meja Jenerali. "Kapteni" nalo likaachwa, na kile kivumishi kikasimama peke yake kuwa cheo: Jenerali.

Kwa polisi maana ya zamani ingali wazi. Inspekta wa kituo huangalia kituo chake; Inspekta Jenerali huangalia polisi wote.

Maofisini Waswahili hawakulichukua neno lenyewe, walilitafsiri: Katibu Mkuu, Mwanasheria Mkuu. Tafsiri hiyo twaikubali, ingawa "mkuu" hutaja ukubwa, na "general" hutaja upana.

Waingereza wenyewe huonyesha tofauti hiyo katika wingi. Wanasheria wakuu huwaita "attorneys general", kwani neno la pili lingali sifa. Lakini Meja Jenerali wakiwa wawili huitwa "major generals", kwa kuwa jeshini sifa imekwisha kugeuka jina.