Sarafu ya Ndege

Mwaka 2003 Marekani ilitoa sarafu za dhahabu na za fedha kuadhimisha miaka 100 tangu Wilbur na Orville Wright waruke kwa ndege yenye injini, tarehe 17 Desemba 1903. Mruko wa kwanza ulidumu sekunde 12 tu. Mwaka uo huo wa 2003, Kenya ilitoa sarafu ya shilingi 40 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, yenye sura ya Rais Kibaki.

Shirika letu la ndege, lililozaliwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika lile la Afrika Mashariki, linatimiza nusu karne mwaka 2027. Je, halistahili sarafu? Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu, haikatazi ndege.

Lakini isiwe pambo la kabati la matajiri. Mtoto wa Kitale au Bungoma huiona ndege ikipita juu ya mahindi. Wengi hawajapata kuigusa. Sarafu wataigusa. Na izunguke sokoni, mwanafunzi aliyerudishiwa chenji aigeuze kiganjani, kisha amwulize mwalimu: mbona twasema "ndege huyu" na "ndege hii"? Hapo, walimu wenzangu, somo la historia na la lugha litakuwa limeanza pamoja.