Fahamu: Goti la bandia hudumu miaka mingapi?
Goti la bandia si la milele, lakini hudumu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha katika jarida la The Lancet uchambuzi wa takwimu za Australia na Finland. Takriban magoti 82 kati ya 100 yaliyobadilishwa goti zima hudumu miaka 25. Yaliyobadilishwa upande mmoja tu wa goti ni 70.

Kwa nini mengine huharibika? Plastiki iliyo kati ya vyuma huchakaa, chuma hulegea kwenye mfupa, au bakteria huingia.

Ukiwa na goti la bandia, dhibiti uzito, tembea au ogelea, epuka michezo ya kurukaruka. Goti likivimba, likipata joto au kuuma upya, muone daktari mapema.