Ufasaha Usio na Ufahamu: Vikundi vya Usomaji Elekezi katika Madarasa ya Kiswahili nchini Uganda

Maandishi ya Kiswahili humhadaa mwalimu. Kwa kuwa maneno hutamkwa kama yaandikwavyo, mwanafunzi wa Kampala husoma bila kusita: “Juma alipikiwa wali na dada yake.” Aulizwapo nani alipika, hujibu: Juma. Darasa zima lisomapo kwa pamoja, kosa hilo halisikiki. Katika kikundi cha wanafunzi sita mwalimu hulibaini, humrejesha msomaji kwenye kitenzi, na humruhusu aifafanue sentensi kwa Kiganda, lugha yenye minyambuliko ya namna hiyohiyo. Akikosea, wamsikiao ni wenzake watano. Hapo huthubutu hata kuuliza. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tathmini ya kusoma kwa sauti pekee itamhesabu mwanafunzi huyu kuwa amefaulu.