Ushirikiano wa kisayansi na wageni: Soko likianguka, hasara ni ya nani?

KATIKA kipande kifupi cha barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, Kaunti ya Machakos, msafiri hupita mambo mawili ambayo aghalabu hayatambui. Kabla ya kuufikia mlima wa Lukenya, huko Athi River, kuna eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje (EPZ) ambako kiungo muhimu cha dawa ya malaria kilikamuliwa kutoka kwa majani yaliyokuzwa na wakulima wa Afrika Mashariki. Akiupita mlima huo, hukutana na uwanda wa Kapiti, ambako ng'ombe wamefugwa kwa miongo kadhaa kwa ajili ya utafiti wa maradhi ya mifugo.

Yote mawili ni matokeo ya ushirikiano wa kimataifa katika sekta ya sayansi za uhai, yaani shughuli zinazogeuza maarifa kuhusu mimea, wanyama na vijidudu kuwa dawa, chanjo, mbegu na bidhaa nyinginezo.

Wakati huu ambapo vyuo vikuu na kampuni za humu nchini zinahimizwa kutafuta washirika ng'ambo, ni vyema mwananchi aelewe jinsi ushirikiano huo unavyofungwa. Zaidi ya yote, anafaa kulifahamu swali moja ambalo mara nyingi huachwa nje ya meza: soko likianguka, hasara ni ya nani?

Kwanza, ni kwa nini wanasayansi na wafanyabiashara wa sekta hii hawaendi peke yao? Sababu ni muda na gharama. Dawa mpya huweza kuchukua zaidi ya miaka 10 tangu igunduliwe hadi imfikie mgonjwa. Mwenye wazo hana kiwanda, mwenye kiwanda hana mmea, na mwenye mmea hana fedha za majaribio. Ndiyo maana kila mwaka Marekani na Ulaya huandaliwa makongamano makubwa ambako wajumbe huketi wawili wawili kwa takriban nusu saa, wakipimana kama wana la kufanya pamoja.

Hata hivyo, kubadilishana kadi na kupeana mikono hakujawa ushirikiano. Baada ya mkutano hufuata karatasi, na kila karatasi ina uzito wake.

Kuna mkataba wa kutunza siri, unaomzuia mgeni kuitumia habari aliyoambiwa bila ridhaa. Kuna mkataba wa kuhamisha sampuli, unaoeleza ni nani atakayeuchukua udongo, jani au damu, na kwa kazi gani. Kuna hati ya maelewano, ambayo kwa kawaida hutangaza nia bila kumfunga yeyote kutoa fedha. Mwisho kabisa ndipo huja mkataba wenye nguvu za kisheria, unaotaja bei, kiasi, muda, mrabaha na namna ya kuachana.

Wengi huchanganya karatasi hizi, wakaishangilia hati ya maelewano kana kwamba kiwanda kimekwisha kujengwa.

Kisa cha Athi River kinaeleza zaidi. Mwaka wa 1972 watafiti wa China wakiongozwa na Tu Youyou walifaulu kutenga artemisinini kutoka kwa mmea wa Artemisia annua, kazi iliyomletea mwanasayansi huyo Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Mwaka wa 1994 Wachina waliingia katika mkataba na kampuni ya Uswizi iliyokuja kuitwa Novartis. Tunda la mkataba huo ni dawa ya Coartem, ambayo mtu mzima humeza tembe 24 kwa siku tatu.

Mwaka wa 2001 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza dawa mseto za aina hiyo kwa nchi ambazo dawa za zamani zilikuwa zimeshindwa nguvu na vimelea. Novartis nayo ikakubaliana na WHO kuziuzia serikali dawa hiyo bila faida. Mwaka wa 2004 Kenya ikabadilisha mwongozo wake wa matibabu ili kuikumbatia.

Mahitaji yalipanda ghafla. Bei ya artemisinini ikapita dola 1,000 kwa kilo, na dunia ikahofia upungufu. Hapo ndipo macho yakageukia Afrika Mashariki. Mwaka wa 2005 Novartis ilitangaza ushirikiano na kampuni ya East African Botanicals ili kupanua kilimo cha mmea huo nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Majani yaliyokaushwa yalikamuliwa Athi River, na artemisinini iliyosafishwa ikauzwa nje ili itengenezwe dawa.

Kwa mkulima wa nyanda za juu, hili lilikuwa zao jipya lenye mnunuzi anayejulikana. Kwa nchi, ilikuwa hatua ya kuacha kuuza majani matupu.

Tatizo la biashara hii limo katika saa yake. Kutoka kupanda mbegu hadi tembe kufika zahanati hupita zaidi ya mwaka mmoja. Anayepanda leo anakisia bei ya mwaka ujao. Wakulima wa China na Vietnam nao waliiona bei ile nzuri, wakapanda kwa wingi. Isitoshe, maagizo ya dawa kutoka kwa serikali na wafadhili yalikuja machache kuliko yalivyotabiriwa.

Kufikia mwaka wa 2007 bei ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 200 kwa kilo. Wakulima wengi wa eneo hili waliachana na zao hilo. Bei ilipopanda tena kwa kasi mwaka wa 2011, shamba lililokwisha kurudishiwa mahindi halikuweza kuzaa artemisinini kwa usiku mmoja.

Katika mnyororo kama huo, mashua haiwatikisi abiria wote sawasawa. Kampuni kubwa ina dawa nyingine za kuuza. Kiwanda chenye mkataba wa miaka kadhaa huweza kusubiri, ingawa kwa taabu. Mkulima mdogo ana msimu mmoja na karo ya watoto. Ikiwa mkataba hautaji bei ya chini kabisa, wala kiasi ambacho mnunuzi lazima achukue hata soko likilala, basi hatari yote imemshukia yule asiye na uwezo wa kuibeba.

Funzo hilo halijazeeka. Mwezi Machi mwaka wa 2022 kampuni ya Moderna ya Marekani ilitangaza makubaliano na serikali ya Kenya ya kujenga kiwanda cha chanjo chenye thamani ya hadi dola 500 milioni, ambacho kingeweza kuzalisha dozi 500 milioni kwa mwaka. Mwezi Aprili mwaka wa 2024 kampuni hiyo ikasema imeusimamisha mpango huo. Ilieleza kuwa haikuwa imepokea agizo lolote la chanjo ya Covid-19 kwa ajili ya Afrika tangu mwaka wa 2022, na kwamba maagizo ya awali yalikuwa yamefutwa.

Safari hii hakukuwa na mkulima aliyeachwa na majani ghalani, lakini chanzo kilikuwa kile kile: kiwanda kilipangwa kwa kutegemea mahitaji ambayo hakuna aliyejifunga kuyalipia.

Kuna hasara ya aina nyingine, nayo ni ya kutoa kitu bila kukiandika. Mwaka wa 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walikusanya bakteria kutoka kwa maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwemo Ziwa Bogoria. Kampuni ya Genencor ya Marekani baadaye ilipata humo vimeng'enya vinavyotumika katika sabuni na katika kuchujusha rangi ya nguo za jinzi.

Mwaka wa 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilijitokeza kudai fungu la mapato. Mvutano ulihusu iwapo ruhusa ya kufanya utafiti ilikuwa pia ruhusa ya kufanya biashara. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari halikuwa wazi.

KWS haikuufunga mlango. Mwaka wa 2007 ilitia saini mkataba wa miaka mitano na kampuni ya Novozymes ya Denmark, uliohusu kutafuta vijidudu vyenye manufaa, kuwafunza wanasayansi wa Kenya na kugawana mapato. Tofauti kati ya visa hivi viwili ni kwamba katika cha pili masharti yalitangulia.

Je, mwenyeji anawezaje kuingia katika mazungumzo akiwa na nguvu? Jibu limo katika methali ya mkono mtupu haulambwi. Mgeni huja kwa sababu kuna kitu anachokikosa kwao, na mwenyeji anayekijua kitu hicho ndiye anayeweza kukipangia bei.

Tazama Kapiti. Shamba hilo la takriban hekta 13,000 linamilikiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), mrithi wa maabara iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1973 ili kupambana na ndigana kali na ugonjwa unaosambazwa na mbung'o. Ng'ombe wenye historia ya afya inayojulikana, katika nchi ambako kupe wenyewe wapo, ni hazina ambayo maabara ya Ulaya haiwezi kuijenga.

Chanjo ya ndigana kali yenyewe ilibuniwa Muguga, Kaunti ya Kiambu, katika miaka ya 1970. Hata hivyo, leo kituo kinachoizalisha kiko Lilongwe, Malawi. Wafugaji wa Kenya wananufaika nayo, lakini hiyo ni kumbukumbu kwamba wazo na kiwanda si lazima vikae nyumba moja.

Mtaji mwingine ni ubora unaoaminika. Mwaka wa 2023 kampuni ya Universal Corporation ya Kikuyu ilipata idhini ya ubora ya WHO kwa dawa ya kuwakinga akina mama wajawazito dhidi ya malaria, ya kwanza kwa mtengenezaji wa Afrika kwa dawa hiyo. Mashirika ya kimataifa, likiwemo Medicines for Malaria Venture la Geneva, yaliisaidia kufikia kiwango hicho. Idhini kama hiyo humwezesha mtengenezaji kuwauzia wanunuzi wakubwa wa kimataifa, badala ya kuning'inia kwa mnunuzi mmoja.

Sheria nayo ipo, ingawa wengi hawaijui. Kanuni za mwaka wa 2006 humtaka anayetaka rasilimali za kijenetiki apate kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Katiba ya mwaka wa 2010 inaiagiza serikali kuzilinda rasilimali hizo pamoja na maarifa ya kiasili ya jamii. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka wa 2014 na ambayo Kenya imeiridhia, inasisitiza ridhaa ya mapema na mgawanyo wa haki wa manufaa.

Mwaka wa 2016 Bunge liliongeza sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Mganga au mzee wa kijiji anayeulizwa habari za mti fulani, kwa hivyo, ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi kabla ya kuuonyesha.

Chama cha ushirika, chuo au kampuni inayoandaliwa mkataba na mshirika wa ng'ambo haina budi kupata majibu ya maswali machache. Je, hii ni hati ya nia au mkataba unaofunga? Sampuli na takwimu zitabaki mali ya nani, na kibali cha utafiti kinaishia wapi? Ni nani kati yetu atakayejifunza kazi ili ujuzi usiondoke na mgeni? Mahitaji yakipungua kwa nusu, mnunuzi atachukua kiasi gani na kwa bei gani? Tukiachana, kiwanda, mbegu na madeni vitabaki na nani?

Mshirika mwema hatakasirishwa na maswali hayo, kwa kuwa naye amekwisha kujiuliza yake kabla hajapanda ndege. Anayeyakwepa amejibu tayari, na ni heri kumwelewa mapema, kabla mbegu haijaingia ardhini.