Safari Fupi ya Ulaya: Tulikwenda Kufuata Nini?

"Mnakwenda kufuata nini huko?"

Swali hili tuliulizwa na waume zetu, na mama mkwe wa mmoja wetu, na hata na jirani zetu wa sokoni, tulipotangaza kwamba sisi akina mama wanne wa hapa Chuno, Mtwara, tunataka kwenda Ulaya kutembea kwa siku tano. Hatukuwa tumeitwa masomoni wala mkutanoni. Tulitaka kutembea tu. Kwa mama ambaye watoto wake wanasubiri karo, neno hilo "kutembea" ni zito kulitamka.

Mwanzoni swali lile lilituudhi. Baadaye tuliona kuwa ndilo lililotupangia safari yetu yote. Kwa kuwa wapo akina mama wengi wanaotuuliza tulivyojiandaa, tumeona tuwaeleze, ili yule mwenye akiba yake kidogo ajue pa kuanzia.

Chagueni jambo moja

Orodha yetu ya kwanza ilijaa kurasa mbili za daftari. Tulitaka Roma, Paris, London na Berlin, yote kwa siku tano! Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Lindi, alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nataka nikamwone mjusi wa kwetu."

Sisi watu wa kusini habari hii tunaijua. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, mkoani Lindi. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wenyeji, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa hiyo, yenye uzito wa zaidi ya tani 200, ilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo mmoja wa wanyama wale amesimamishwa Berlin, katika makumbusho yaitwayo Museum für Naturkunde. Kimo chake ni mita 13 na sentimita 27. Nyumbani kwa mwenzetu husimuliwa kwamba babu mzaa babu yake alikuwa mmoja wa wapagazi wale.

Basi tukaifuta miji mingine yote. Tangu siku hiyo aliyetuuliza tunafuata nini alipata jibu. Na kila jambo lililofuata, siku za kukaa, mahali pa kulala na fedha za kubeba, lilipangwa kulizunguka jibu hilo. Mama mwenzetu, jambo lako laweza kuwa kanisa fulani, au kaburi la mtu, au mtoto wako anayesoma huko. Lakini liwe moja.

Kukubaliana nyumbani

Tuliweka akiba kwa miaka miwili katika kikoba chetu. Mmoja aliuza korosho, mwingine vitumbua, na sisi wa hospitali tulitenga sehemu ya mshahara. Tulikuwa na sheria moja: karo ya watoto isiguswe hata shilingi. Mume aliyekuwa mgumu kuliko wote alilainika alipoonyeshwa hesabu kwenye karatasi, karo ikiwa mstari wa kwanza. Maneno matupu yalikuwa yamemchosha.

Kila mmoja pia aliandika nani atabaki na watoto, bibi anakunywa dawa gani na saa ngapi, na ni nani wa kuitwa usiku mtoto akipata homa. Karatasi hiyo ilibandikwa ukutani wiki mbili kabla ya kuondoka, ili wanaobaki waizoee.

Karatasi kabla ya tiketi

Hapa ndipo tulipokwama. Tulikuwa tumepanga kusafiri Septemba. Mwenzetu wa Lindi alipoomba pasipoti, ilionekana kuwa cheti chake cha kuzaliwa kina jina la baba yake, lakini kitambulisho cha taifa kina jina la mumewe, tena limekosewa herufi moja. Maombi yake yakasimama. Akaanza safari za kwa wakili kuapa hati ya jina, kutafuta nakala ya cheti cha ndoa, na kusahihisha kitambulisho. Miezi ikapita.

Jioni moja alitujia akasema, "Nendeni tu. Mtaniletea picha." Tulilala na neno hilo, na halikutuacha. Sisi watatu tulikuwa tayari, na fedha zilikuwepo. Lakini tungemwendea nani mjusi yule, ikiwa mwenyewe amebaki? Asubuhi tukakubaliana kumngoja. Tuliweza kumngoja bila hasara kwa sababu moja tu: tulikuwa hatujalipia tiketi.

Kwa hiyo, mama, leo hii toa vyeti vyako vyote uvipange mezani. Je, jina ni lile lile, herufi kwa herufi? Kama sivyo, anza hapo. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Viza ya muda mfupi ya nchi za Ulaya zilizoungana katika mpango wa Schengen, Ujerumani ikiwa mojawapo, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukikataliwa hazirudishwi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla yake. Ni lazima uwe na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Pia watataka kuona kuwa unacho cha kukurudisha nyumbani: barua ya mwajiri au karatasi za biashara, taarifa ya benki, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto.

Alama za vidole huchukuliwa kwako mwenyewe, si kwa kutumiana. Sisi wa mbali tukumbuke kuweka katika hesabu nauli ya kwenda Dar es Salaam mapema, mbali na ile ya siku ya kusafiri.

Mwili nao uandaliwe

Kama wauguzi tunasisitiza haya. Dawa za presha au sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, katika paketi zake, pamoja na barua ya daktari. Ndani ya ndege usikae saa nyingi bila kusimama: damu inaweza kuganda miguuni. Tembea, nyoosha vifundo, kunywa maji. Mjamzito amwone daktari na aliulize shirika la ndege kabla ya kulipa. Usifungashe nyama wala maziwa, maana hayaruhusiwi kuingizwa huko. Nunua viatu vya kutembelea mwezi mmoja kabla, uvivae hapa hapa kwenda kazini mpaka vikuzoee.

Siku tano zetu

Tulifika Berlin mwezi Mei, siku ya Alhamisi, tukapumzika. Kuahirishwa kwa safari kulitufaa, kwani baridi ya Mei huvumilika kwa sweta na koti, na saa tatu usiku ndipo jua linapozama!

Ijumaa tulikwenda kwenye makumbusho. Angalieni ratiba kabla ya kupanga, maana Jumatatu hufungwa. Mchana tulitembea kwa miguu hadi Bernauer Straße, mahali palipohifadhiwa sehemu ya ukuta uliougawa mji ule tangu 1961 hadi 1989. Kuingia ni bure. Palikuwa na kanisa lililofungiwa katikati ya mpaka, likabomolewa kwa baruti mwaka 1985. Mwaka 2000 lilizinduliwa kanisa dogo mahali pale pale, na kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa. Tulizigusa kuta zile tukacheka: kumbe hata Ulaya wanajenga kwa udongo kama bibi zetu!

Jumamosi tulipanda basi namba 100, ambalo kwa tiketi ya kawaida hupita penye majengo mengi mashuhuri. Tiketi igongwe mhuri kwenye mashine, la sivyo faini ni euro 60. Tuliona Lango la Brandenburg, kisha jumba la Bunge, ambalo kuba lake ni bure ila ni lazima kujiandikisha mapema. Karibu na hapo, mtaa wa Wilhelmstraße, pana kibao cha kumbukumbu ya mkutano wa 1884 na 1885 ambao mataifa ya Ulaya yalikaa kupanga namna ya kuigawana Afrika. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliufanya Ruvuma wetu kuwa mpaka, na ndugu wakabaki ng'ambo na ng'ambo. Tulisimama pale kimya.

Jumapili maduka karibu yote hufungwa, hivyo nunueni chakula Jumamosi. Tulisali, tukapumzika, na Jumatatu tukarudi.

Jibu la swali

Siku ile ya makumbusho, mwenzetu alisimama chini ya ile mifupa akiinua shingo mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Watoto wa shule walikuwa wakipiga kelele pembeni. Alitazama mguu mmoja wa yule mnyama, mrefu kuliko yeye, akasema polepole, "Hili, babu, ulilibebaje?"

Hakuna aliyemjibu. Tulimwacha akae pale apendavyo, na ratiba ya mchana tukaisogeza mbele.

Sasa akiba mpya imeanza katika kikoba chetu. Safari hii ni ya watoto wetu, tuwapeleke Tendaguru kwenyewe. Huko hakuhitaji viza.