Ugweno: dola ya wahunzi na wanjama

Kabla ya ukoo wa Wasuya kutawala, Ugweno ilikuwa mali ya wahunzi. Ukoo wa Washana ndio uliojua kuyeyusha mawe ya chuma katika milima ya Upare Kaskazini, na aliyekuwa na chuma alikuwa na jembe, mkuki na heshima. Majembe na silaha za Wapare zilivuka bonde hadi Uchagani. Utawala wa Washana ulisimama juu ya moto na mivukuto, nao ulidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 16 hivi, pale ukoo wa Wasuya, chini ya Angovi, ulipowapindua.

Mapinduzi hayo yangeweza kuishia kuwa ugomvi wa koo mbili tu. Hayakuishia hapo kwa sababu Angovi alikuwa na mtoto aliyeitwa Mranga.

Mranga hakutegemea mkuki peke yake. Jando, lililokuwa likifanyika katika misitu mitakatifu, alilifanya shughuli ya dola nzima, vijana wa kila pembe wakapita katika mafunzo yaleyale na kuufahamu utii uleule. Akaweka mabaraza ya ngazi mbalimbali, akamzungushia mangi, yaani mtawala, washauri walioitwa wanjama, akawapeleka ndugu zake kusimamia maeneo ya mbali. Washana walipoteza kiti, lakini nyundo zao ziliendelea kulia, maana hakuna mtawala mwenye akili anayemfukuza mhunzi wake. Kwa mpango huo Ugweno ilisimama kwa karne kadhaa, jambo ambalo majirani wengi hawakuliweza. Upare Kusini, upande wa Same, mamlaka yalibaki yamegawanyika mikononi mwa watawala wadogowadogo.

Dola zilizodumu hivyo si nyingi, ila zipo. Huko Assam, kaskazini-mashariki mwa India, Waahom, watu wa jamii ya Tai, walianzisha ufalme mwaka 1228 chini ya Sukaphaa, nao ukaishi karibu miaka 600. Wao walikuwa na vitabu vya tarehe vilivyoandikwa na watu wa ikulu. Wagweno walikuwa na wazee.

Kilichoivunja Ugweno ni biashara. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipita tambarare chini ya milima ikitafuta pembe za ndovu na watumwa, na ikatokea kwamba mtawala mdogo yeyote angeweza kupata nguo na bunduki bila kumwomba mangi ruhusa. Zamani utajiri ulipanda mlima kupitia kwa mkubwa mmoja, sasa ukaingia kwa milango mingi. Wajerumani walipofika mwishoni mwa karne hiyo, hawakukuta tena dola moja yenye nguvu. Reli yao, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita bondeni, na mji wa Same ukakua huko chini kwenye joto, mbali na viti vya zamani vya utawala.

Hata hivyo kumbukumbu ya ushuru wa kale haikufa. Miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ilileta kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, ikaipa jina la mbiru, ushuru ambao watawala wa zamani walikuwa wakipokea. Wananchi hawakudanganyika. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani wakatembea hadi makao ya wilaya Same, wakapiga kambi wakidai kodi hiyo ifutwe, na baadaye wanawake nao wakaingia katika maandamano. Serikali hatimaye iliiacha.

Mengi ya haya kuhusu Ugweno tunayajua kwa sababu Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, alikwenda kukaa na wazee katika miaka ya 1960 akawasikiliza ukoo kwa ukoo. Kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka Nairobi mwaka 1969, wakati ambapo baadhi ya wasomi wa nje walikuwa bado wanabishana kama Afrika isiyoandika ina historia. Uchifu wenyewe ulikwisha kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963.

Akina Msuya na akina Mshana wamejaa leo katika ofisi, shule na masoko ya Tanzania. Msomaji mwenye jina mojawapo, na mwenye babu au bibi aliye hai Usangi au Ugweno, amuulize habari za ukoo mapema na aziandike.